Kabla ya Amplifaya, Tazama Sikio

Wiki iliyopita nilipita sokoni Arua, pale mlipopanga meza zenu za kutengeneza simu, nikasimama nyuma ya mteja mmoja nikijifanya natazama chaja. Mteja alishika hedifoni nzuri, ya kweli, moja ya zile zinazoachwa na wafanyakazi wa mashirika wanapomaliza mikataba na kurudi kwao. Alisema besi haisikiki. Mmoja wenu hakuinua hata macho. "Iko amplifaya, brada," alisema. "Weka hii tu, besi itakuja yenyewe."

Hakuigusa hedifoni. Hakuigeuza. Pedi ya kushoto ilikuwa imepasuka, sponji imechungulia nje kama ulimi wa mbuzi, naye anauza amplifaya!

Sikusema neno. Niliondoka pale, nikapita njia yote ya kuelekea Arua Hill nikibishana na mtu ambaye hayupo. Maneno yangu huja nikiwa nimeshaondoka. Kwa hiyo nimenunua daftari, na kwa siku nne sasa naandika, taratibu, ili nyinyi mnaoanza kazi hii mpate kusoma yale ambayo sikuyasema mbele ya meza yenu.

Sijazeeka. Niliingia kazi hii nilipomaliza darasa la saba, nikaiacha nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Mtu anaweza kustaafu kabla ya mvi. Hedifoni zilizopita mikononi mwangu sikuzihesabu, na nyingi nilizitengeneza vizuri. Sitaki kujisifu. Nataka mnisikilize.

Besi ni hewa. Shikeni hilo kabla ya kushika chombo chochote. Ndani ya hedifoni kuna spika ndogo inayosukuma hewa, na kati ya spika na sikio kuna chumba kidogo. Kuta za chumba hicho ni pedi, ile mito miwili ya duara inayokaa juu ya masikio. Chumba kikiziba vizuri, besi inakaa ndani na unaisikia. Kikivuja, besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Sauti za juu hazijali, zinabaki pale pale. Ndiyo maana mteja anakuambia, "Sauti iko, lakini iko nyembamba." Hajui kwamba amekutajia ugonjwa wote.

Kupima ni rahisi. Mvalishe mteja, piga wimbo wenye besi anaoujua, kisha mwambie abonyeze hedifoni kwa viganja, polepole, kama mtu anayezuia vikombe viwili visimwagike. Besi ikipanda anapobonyeza, tatizo ni pedi. Isipopanda, hapo tazama waya, tazama spika, halafu ndipo utaje amplifaya. Kipimo hiki ni kifupi kuliko kumenya yai. Na bado hamkifanyi!

Mimi pia nilikuwa mjinga, na ujinga wangu ulikuwa na kazi nyingi kuliko wenu. Mwaka wangu wa pili alikuja mwalimu wa kwaya kutoka Mvara, mtu mnene, mcheshi, mwenye jasho. Alikuwa na hedifoni ya pedi za ngozi ambayo alisikilizia kwaya yake aliyoirekodi.

"Kijana, hii kitu iko na besi tamu," aliniambia. "Lakini masikio yangu nachemka kama maharage. Fanya kitu."

Nilifanya kitu. Nilikwenda kwa fundi viatu wa jirani nikaazima chuma chake cha kutobolea mikanda, nikatoboa kila pedi matundu ishirini, kwa mstari ulionyooka, pande zote, ndani na nje. Yalipendeza. Nilimkabidhi mwalimu nikiwa nimesimama wima kama askari wa gwaride.

Baada ya siku mbili alirudi. Hakuwa na hasira, ilikuwa mbaya zaidi: alikuwa anacheka.

"Wewe umejengea mimi nyumba ya madirisha," alisema. "Upepo iko, asante sana. Lakini besi imetoka kwa dirisha, imekwenda Congo."

Bosi wangu alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha alinikalisha akanifundisha, na alichonifundisha siku ile bado ni kweli. Mteja akitoka jasho, badilisha upande unaogusa ngozi ya kichwa tu, weka kitambaa cha mahameli pale. Kuta za pembeni ziache ngozi nzima, bila tundu. Jasho litapungua, na besi utapoteza kidogo tu.

Bosi huyo ndiye Candia. Alikuwa fundi wa redio kabla sijazaliwa, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na mimi nilimwita mzee ingawa yeye alipenda kuitwa injinia. Duka lake lilikuwa na mlango mmoja na benchi la wateja, na benchi halikukosa watu ambao hawakuwa na kitu cha kutengeneza. Walikuja kumsikiliza. Mengi ninayojua yametoka kwake, na hasira yangu nyingi vilevile.

Alinifundisha kwamba sponji ya godoro haifai, kwa sababu ndani ya wiki inalala kama chapati na spika inagusa sikio. Tulitumia sponji ya viti vya gari, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole inarudi taratibu kama mtu anayeamka. Alinifundisha kutafuta ngozi ya mbuzi kutoka Koboko, laini, nyembamba, iliyotengenezwa vizuri. Iliyotengenezwa vizuri, narudia. Mara moja nilifanya haraka nikashona ngozi ambayo haijakauka sawasawa. Mteja aliteremka kutoka Arua Hill na mbwa watatu nyuma yake. Alifika dukani anapiga kelele, "Candia, toa mbuzi yako kwa kichwa yangu!" Mbwa wakakaa mlangoni, wakangoja.

Miwani nayo nilijifunza kwa Candia. Mwalimu mstaafu wa Ombaci alilalamika kwamba besi ipo asubuhi na jioni haipo. Candia akamwuliza, "Jioni unasoma?" Ndiyo, anasoma. Mkono wa miwani uliinua pedi kidogo tu, unene wa kiberiti, na besi yote ikapita hapo. Tulichonga mfereji mdogo ndani ya sponji, mkono wa miwani ukalala humo, kazi ikaisha. Sijui kwa nini mtu aliyeona miwani hakuona yale yaliyofuata. Au nasema uongo. Najua kwa nini.

Candia alipenda amplifaya zake. Alizijenga mwenyewe ndani ya makopo ya biskuti, kopo la duara kwa ndogo, la mraba kwa kubwa, na juu aliacha picha za biskuti zilivyo. Zilikuwa nzuri. Kuna hedifoni ambazo bila amplifaya ni maiti. Tuliwahi kuletewa moja ya omu mia tatu, yenye spika nzito kusukuma, ambayo kwenye simu ilinong'ona kama mgonjwa. Candia alichomeka kopo lake la duara, nami nikasikia besi ikishuka chini kabisa, safi, kila uzi wa gitaa peke yake. Nilisimama pale nikaona aibu kwa sababu macho yalilowa. Kwa hiyo msiseme nachukia amplifaya. Hedifoni nzito inataka nguvu, ipeni nguvu.

Lakini baadaye kila ugonjwa ukawa ni kopo. Pedi imekufa? Kopo. Waya umekatika nusu? Kopo. Tena akaanza kuweka rizista kubwa, kile kidude cha kuzuia umeme, mahali sauti inapotokea, ili besi ivimbe. "Sikia, nene!" aliwaambia wa kwenye benchi. Ilikuwa nene, ndiyo, na ilikuwa legelege. Noti zote za gitaa la besi ziligeuka noti moja, bum, bum, bum, kama mtu anayepiga ndoo. Amplifaya njema hutoa sauti kwa njia pana, bila kizuizi, na kuishika spika isiyumbe. Nilimwambia? Sikumwambia. Alikuwa ananilisha, na benchi lilikuwa limejaa.

Sasa niseme habari za Zaitun, ambazo ndizo zimenifanya ninunue daftari.

Zaitun ni wa Koboko, binti wa sajini mstaafu. Alikuwa na studio ndogo nyumbani kwao. Watu walikuja kurekodi qasida, nyimbo za harusi, hata kwaya za kanisa, naye alichanganya sauti zote mwenyewe kwenye kompyuta, akisikiliza kwa hedifoni. Aliishi kwa masikio yake. Hilo alilisema siku ya kwanza alipoingia dukani, akiwa amefunga mtandio wa bluu uliozunguka kichwa mara tatu, na pini karibu na sikio.

"Karibu, Hajati," Candia alimwambia.

"Mimi bado kwenda Maka, fundi. Niite Zaitun." Aliweka hedifoni mezani, nyeusi, nzuri, pedi nzima. "Hii kitu besi hapana. Mimi naongeza besi kwa kompyuta, nasikia sawa. Lakini wimbo ikienda kwa spika ya harusi, besi nazidi, watu nalalamika. Mimi nachekwa."

Candia akavaa hedifoni juu ya masikio, kofia akiwa ameisogeza nyuma, akasikiliza. "Besi iko," alisema.

"Kwa kichwa yako iko. Kwa kichwa yangu hapana iko."

Mmoja wa kwenye benchi akasema, "Basi ni kichwa! Kichwa ya mwanamke hapana shika besi!"

Zaitun akamgeukia. "Kichwa yako wewe hata nywele imekimbia. Kaa kimya, jua nakuchoma."

Benchi zima likacheka. Na wakati wanacheka, Zaitun alivaa hedifoni ile tena ili aonyeshe. Aliivaa juu ya mtandio. Mimi nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto, na nikaona. Kitambaa kilikuwa na mikunjo mitatu, pini imeinua pedi, na kati ya pedi na shavu mwanga ulipita. Nyumba ya madirisha. Niliiona waziwazi kama ninavyoiona karatasi hii.

Candia alisema, "Hedifoni yako inataka nguvu," akamwuzia kopo la duara.

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema nini? Mimi, kijana ambaye hata kuuliza bei ya nyanya najikwaa, nimwambie mwanamke wa watu, mbele ya wanaume sita, habari ya mtandio wake? Nilitazama mezani. Nilichukua uzi nikaanza kuutia kwenye sindano ambayo sikuwa na kazi nayo.

Alirudi baada ya wiki kadhaa. Alisema maneno ambayo nataka myaandike ukutani kwenu. Alisema, "Nikipandisha, sauti ya juu nakata sikio, lakini besi bado iko kidogo."

Mtu akikuambia hivyo, ondoa mkono wako kwenye amplifaya. Anakuambia kwamba chumba kinavuja. Unazidisha nguvu, besi inazidi kutoroka, na zile sauti za juu ambazo hazitoroki zinaingia zote ndani ya sikio lake kama misumari. Kadiri unavyompa nguvu ndivyo unavyompiga.

Candia alimpa kopo la mraba.

Alipoondoka na benchi likawa tupu, nilijikaza. "Mzee," nilisema, "nafikiri ni mtandio."

Hakushtuka. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," alisema. "Sasa unataka mimi niambie binti ya mutu avue mtandio kwa duka yangu? Baba yake alikuwa jeshi. Wewe iko na meno ya kupoteza?"

"Lakini amplifaya haitamsaidia."

"Itasaidia yeye asikie kidogo. Kidogo ni bora. Rudi kwa sindano yako."

Nilirudi kwa sindano yangu.

Safari ya tatu Zaitun hakuja. Alipiga simu, na Candia alinituma Koboko na kopo kubwa kuliko yote, la biskuti za sikukuu, nimelipakata garini kama mtoto. Nilifika nyumbani kwao mchana. Sajini alikuwa kwenye kiti uani, mzee mrefu, redio imewaka kwa nguvu miguuni pake. Masikio yake yaliharibiwa na mizinga alipokuwa kijana jeshini.

"WEWE NI NANI?" alinguruma.

"Ni wa dukani, afande. Kwa fundi Candia."

"NANI AMEKUFA?"

Zaitun alitoka akicheka, akamwinamia sikioni. "Hakuna mutu amekufa, baba! Ni fundi!" Kisha akanigeukia, na kicheko kikaisha. "Ingia. Hapana fungua hiyo kopo kwanza. Mimi nataka kukuuliza kitu."

Studio ilikuwa chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlango umeachwa wazi uani. Alikaa, akaweka kidole kwenye sikio la kushoto.

"Hapa iko filimbi," alisema. "Wiki ya tatu sasa. Hapana lala, hapana nyamaza. Daktari nasema ni sauti kubwa. Nasema niache. Mimi nikiacha nitakula nini, na huyu mzee atakula nini?" Alitazama uani. "Katika nyumba hii kiziwi moja inatosha. Sasa sema mimi ukweli. Hiyo kopo umebeba, italeta besi bila mimi kupandisha sauti?"

Hakukuwa na benchi. Hakukuwa na Candia. Kulikuwa na yeye na mimi na redio ya mzee. Nilitazama sakafu nikasema, "Hapana. Haitaleta."

"Basi nini italeta?"

"Mtandio," nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya panya. "Pedi inakaa juu ya mtandio. Haifungi sikio. Besi inavujia hapo."

Kisha aliinuka, akachukua hedifoni, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Nilidhani nimemtukana. Nilisikia redio, nikasikia kuku. Nilipima umbali wa kutoka pale nilipokaa mpaka barabarani, na mzee alikuwa katikati.

Alitoka amevaa hedifoni chini na mtandio juu, umefungwa vizuri, masikio yamevimba pembeni kama ana matumbwitumbwi. Hakuna kilichoonekana ambacho hakikuonekana kabla. Alichomoa kopo la mraba, akachomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta, akateremsha sauti mpaka chini, akabonyeza.

Nilimwona akisikia. Mkono wake uliokuwa unapiga taratibu mezani ulisimama. Alirudisha wimbo mwanzo. Akarudisha tena. Machozi yalimshuka bila uso wake kubadilika, na kwa dakika moja ya kijinga nilidhani ni ya furaha.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema nimewaza njiani.

"Tangu siku ya kwanza," nilisema.

"Siku ya kwanza." Alivua hedifoni kutoka ndani ya mtandio kwa mkono mmoja, taratibu. "Uliona, ukanyamaza."

"Niliona haya. Nisingeweza kukuambia ufungue kichwa mbele ya watu."

"Nani amesema nifungue kichwa? Mimi iko na akili! Ungesema tu, 'Dada, vaa ndani.' Maneno mbili! Ungeandika kwa karatasi! Ungetuma mke wa mutu aniambie!" Alikuwa amesimama. "Wewe uliogopa mtandio yangu, sikio yangu hukuogopa."

Uani mzee alizima redio. Pengine alihisi kitu, watu wasiosikia huhisi. "NINI IKO?" alipaza sauti. "HUYO KIJANA AMEFANYA NINI?"

Zaitun alitoka mlangoni akamjibu kwa nguvu zake zote, majirani wakasikia. "Amesema ukweli, baba! Amechelewa!"

Nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, kwa Kilugbara, kwa Kikakwa, kwa lugha ambazo sizijui. Hakuna neno lililonipata kama lile la mwisho.

Nilibeba makopo yote matatu kurudi Arua, nikayaweka mezani kwa Candia mbele ya benchi lililojaa. Nilimwambia kilichompata Zaitun. Nilikisema chote, nikijikwaa, masikio yangu yamewaka moto. Candia alichukua kopo la mraba akapangusa vumbi kwenye picha ya biskuti.

"Sisi ni mafundi," alisema. "Hapana daktari."

"Ulijua, mzee."

"Na wewe ulijua." Alinitazama moja kwa moja. "Sasa unataka kulilia hapa? Nenda kashone viti vya boda. Kiti hapana lalamika."

Alikuwa na haki aliposema kwamba nami nilijua. Katika yale ya viti alifikiri ananitukana, lakini nilikwenda kweli. Sasa nashona viti vya pikipiki Koboko, kwa sponji ileile na ngozi ileile. Nimestaafu.

Nyinyi bado mko mezani. Kwa hiyo fanyeni hivi, na msinichoshe kwa maswali. Mteja akija, mtazame yeye kabla ya hedifoni. Ana miwani? Ana nywele zilizosukwa nene? Ana mtandio, kilemba, kofia? Mwulize anavaaje akiwa kazini, sio anavyovaa akija kwenu. Kama unaona haya, na mimi nawajua wanaoona haya, tafuta namna. Vaa wewe mwenyewe kitambaa kichwani, mwonyeshe, acheke. Mwite mama wa jirani. Andika. Pedi ya mvaa mtandio ishone ya kina, yenye sponji laini, ili chini ya kitambaa isimbane. Kama lazima avae juu ya kitambaa, basi kiwe chepesi, cha kuvutika, mkunjo mmoja, pini mbali na sikio. Haya yote si siri. Ni kazi ya asubuhi moja. Na ukimsikia mtu anasema sauti ya juu inamkata, mzuie asipandishe, hata kama ni mkubwa wako, hata kama benchi limejaa. Sikio haliletwi na wafanyakazi wa mashirika. Hakuna la akiba.

Zaitun bado anafanya kazi. Nilimshonea pedi mpya, nikampelekea kwa mkono wa mtu mwingine, akazipokea, hakuniambia asante, na sikuitaka. Besi zake sasa ni nzuri, hakuna studio Koboko inayomfikia. Filimbi imepungua. Lakini sauti za juu za upande wa kushoto hazikurudi, na daktari amesema hazitarudi.

Juzi mchana nilipita penye harusi Koboko, wamepanga spika mbili kubwa pande mbili za turubai. Wimbo ulikuwa wa kwake, niliujua kwa besi. Upande wa kulia ulikuwa mtamu. Upande wa kushoto matari na makofi yalichoma kama cheche, kwa sababu mtu asiyeyasikia huyaongeza mpaka ayasikie. Kwenye mashine ya muziki walikaa vijana wawili, mmoja anamwambia mwenzake kwa furaha.

"Sikia hiyo upande ya kushoto, kali! Hiyo ni staili ya Zaitun. Hata wale wa Arua wameanza kuiga."

Niliwasogelea. Safari hii mdomo ulifunguka.

"Si staili," niliwaambia. "Ni sikio lake. Limeharibika."

Walinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha mmoja alinyoosha mkono, huku bado ananitazama, akapandisha sauti.